Kulinganisha biashara ya bodi za mbao kati ya Kenya na Tanzania, mwaka hadi mwaka

Swali hili halikosekani kwenye karakana za Lamu na Malindi: siku hizi bodi nyingi zinatoka Tanzania, au ni maneno ya watu tu? Kila mtu ana jibu lake. Mwenye duka atakwambia alichopakuliwa wiki iliyopita, seremala atakwambia alichokata jana, na dereva wa lori atakwambia alichokutana nacho barabara ya Mombasa. Wote wanasema kweli, lakini hakuna anayeweza kukuonyesha miaka ishirini. Kwa hilo huna budi kuingia kwenye takwimu za forodha, nazo ziko wazi kwa yeyote mwenye bando na subira kidogo.

Nitatumia Kenya na Tanzania kwa sababu ndizo zinazotuhusu, ila njia ni ileile kwa nchi zozote mbili. Rai yangu naitoa mapema: anza na mita za ujazo, pesa zije baadaye. Wengi huanza na dola kwa kuwa ndizo zinazojitokeza kwanza, wakaishia kulinganisha nauli za meli na thamani ya shilingi huku wakidhani wanalinganisha bodi.

Hatua ya 1: Amua ni bodi zipi

Forodha haijui "plaiwudi nzuri" wala "ile nyepesi ya dari". Inajua misimbo. Dunia nzima hutumia mfumo mmoja wa kupanga bidhaa, unaoitwa HS, na bodi zetu zimo kwenye sura ya 44, sura ya mbao:

4408 ni vinia, zile karatasi nyembamba za mbao.
4410 ni chipubodi, pamoja na OSB, ile ya vipande vikubwa vya mbao vilivyogandamizwa.
4411 ni bodi za nyuzi: MDF na hadibodi.
4412 ni plaiwudi na jamaa zake, blokubodi ikiwemo.

Bodi iliyopakwa melamini haihami kundi. Kama ndani ni chipubodi, inabaki 4410. Kama ndani ni MDF, inabaki 4411. Mlango uliokamilika si bodi tena, huo uko 4418, na kabati ya chumba cha kulala iko 9403.

Kaa kwenye tarakimu nne. Kuna kishawishi cha kushuka hadi tarakimu sita ili uone MDF peke yake, lakini mfumo wa HS hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa: 1996, 2002, 2007, 2012, 2017 na 2022. Kabla ya marekebisho ya 2007, msimbo 4411 uligawanywa hasa kwa uzito wa bodi kwa ujazo wake. Tangu hapo MDF imepewa vifungu vyake yenyewe kwa unene: hadi milimita 5, kati ya 5 na 9, na zaidi ya 9. Ukichora mstari wa MDF kwa tarakimu sita kutoka 2000 hadi leo, utaona imezaliwa ghafla 2007, na wala hakuna kiwanda kilichofunguliwa. Ni karatasi tu zilizobadilika.

Hatua ya 2: Chukua takwimu, sehemu mbili

Sehemu ya kwanza ni FAOSTAT, hifadhi ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Nenda kwenye misitu, kisha uzalishaji na biashara. Humo kuna mfululizo wa kila mwaka kuanzia 1961, na unakupa vitu vitano kwa kila nchi: kilichozalishwa, kilichoingia na kilichotoka kwa mita za ujazo, halafu thamani ya kuingia na kutoka kwa maelfu ya dola za Marekani. Chagua plaiwudi, chipubodi na bodi za nyuzi moja moja, ujumlishe mwenyewe. Kundi la jumla lipo, lakini kabla ya kulitumia soma maelezo yake uone kama vinia imo ndani au imetengwa, maana ukichanganya faili za nyakati tofauti unaweza kuhesabu vinia upande mmoja ukaiacha upande wa pili.

Kwenye faili hiyo kuna safu ndogo ya herufi ambayo watu huifuta wakidhani ni takataka. Usiifute. Herufi A ina maana takwimu ni rasmi, E ni makadirio, I ni namba iliyojazwa kwa hesabu pale nchi ilipokaa kimya, X imetoka shirika jingine la kimataifa. Kwa nchi zetu herufi hizi zina uzito. Ukiona namba ileile inajirudia miaka minne mfululizo, tazama herufi yake kabla hujasema biashara ilitulia.

Sehemu ya pili ni UN Comtrade, hifadhi ya Umoja wa Mataifa ya takwimu za biashara kati ya nchi. Hapa ndipo unapopata nani kamuuzia nani. Kenya ni namba 404, Tanzania ni 834. Weka misimbo minne, weka miaka, weka mwelekeo wa kuingia na kutoka, na upande wa nchi mshirika weka "dunia yote" kwanza, kisha rudia kwa nchi moja moja: Uchina, Malaysia, Uganda, Afrika Kusini, na kila mmoja wa wawili wetu kwa mwenzake. Mwaka usiokuwepo uache wazi. Usiandike sifuri. Sifuri ina maana hakuna kilichopita. Nafasi tupu ina maana nchi haikuleta ripoti.

Taarifa za nyumbani zisaidie pale ulipokwama. Shirika la takwimu la Kenya, KNBS, hutoa Economic Survey kila mwaka, na Tanzania ina NBS. Mara nyingi huko ndiko utakuta sentensi moja inayoeleza kwa nini mwaka fulani umeanguka.

Hatua ya 3: Fanya bodi zote ziongee lugha moja ya kipimo

FAOSTAT inakupa mita za ujazo. Comtrade mara nyingi inakupa kilo, wakati mwingine mita za ujazo, na kuna miaka inakupa thamani peke yake. Hapa ndipo kalamu inapohitajika.

Chukua shiti ya kawaida ya futi 4 kwa 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44. Eneo lake ni karibu mita za mraba 2.98. Ikiwa na unene wa milimita 18, ujazo wake ni mita za ujazo 0.0536. Kwa hiyo mita moja ya ujazo ni kama shiti 18 au 19 za unene huo. Za milimita 12 ni 28. Za milimita 3, zile za kuzibia mgongo wa kabati, ni 112. Weka namba hizi ukutani, kwa sababu zitakuokoa kila unapotaka kujua kama takwimu ina akili.

Kisha uzito. Plaiwudi nyingi huwa kati ya kilo 500 na 700 kwa mita ya ujazo. MDF ni kilo 700 hadi 800. Shiti ya plaiwudi ya milimita 18 kwa kilo 600 kwa mita ya ujazo inatoka kilo 32. MDF ya unene uleule, kwa kilo 750, inafika kilo 40. Hamali anayepokea shiti kutoka botini kwenye jeti ya Lamu anaijua tofauti hiyo begani, na kwa MDF mara nyingi atadai nyongeza. Wewe usipoijua, ukagawanya kilo zote kwa kipimo kimoja, nchi inayoagiza MDF nyingi itaonekana imeagiza bodi nyingi kuliko ilivyo. Gawanya kila msimbo kwa uzito wake, na uandike pembeni uzito uliotumia.

Sasa fanya jaribio la bei. Gawa thamani kwa mita za ujazo, mwaka kwa mwaka. Ukipata plaiwudi iliyoingia kwa dola 20 kwa mita ya ujazo, hiyo ni dola moja na senti chache kwa shiti ya milimita 18. Hakuna plaiwudi ya namna hiyo, hata ile inayobanduka ukiiweka karibu na dirisha la bahari. Aidha kipimo kimoja kimeandikwa mahali pa kingine, au mtu ameongeza sifuri. Mwaka kama huo uwekee alama, utafute namba yake kwenye chanzo cha pili, na ukikosa uuache nje ya hesabu yako huku ukisema umeuacha.

Hatua ya 4: Tazama upande wa pili wa mpaka

Kila shehena iliyovuka kihalali imeandikwa mara mbili: Tanzania imeandika imeiuzia Kenya, na Kenya imeandika imenunua Tanzania. Weka safu hizo mbili sambamba.

Usitegemee zilingane sawasawa. Kinachoingia huandikwa kwa bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli. Kinachotoka huandikwa kwa bei ya mahali pa kuondokea, bila nauli. Kwa hiyo upande wa mnunuzi kuzidi kidogo ni jambo la kawaida. Shehena iliyotoka Desemba ikaingia Januari nayo itakuwa kwenye miaka miwili tofauti. Lakini upande mmoja ukiwa mara tatu ya mwingine, kuna jambo.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni asili ya mzigo. Mnunuzi huandika nchi bidhaa ilikotengenezwa. Muuzaji huandika mzigo unakoelekea kwa kadiri anavyojua. Plaiwudi ya Uchina ikishuka Dar es Salaam, ikauzwa kwa mfanyabiashara, kisha ikapanda lori hadi Mombasa, Kenya itaandika Uchina huku Tanzania ikiweza kuandika kwamba imeiuzia Kenya upya. Comtrade ina mwelekeo wa tatu kwa ajili hiyo, wa bidhaa zilizouzwa tena nje bila kuguswa, lakini si kila nchi huujaza kila mwaka.

La pili ni mizigo ya kupita. Mombasa inahudumia Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Dar es Salaam inahudumia Zambia, Burundi, Rwanda na Kongo hiyohiyo. Mzigo wa kupita haupaswi kuingia kwenye hesabu ya nchi. Ukiona hesabu ya mauzo ya nje ya chipubodi inaruka kwenye nchi ambayo haikuongeza uzalishaji, shuku hilo kwanza.

La tatu ni njia za panya. Kati ya Lungalunga na Horohoro, au Taveta na Holili, kuna bodi zisizopita mezani kwa mtu yeyote, na hizo hazimo kwenye faili lolote.

Niamini upande upi? Kanuni iliyozoeleka ni kuamini mnunuzi, kwa sababu forodha hukagua kinacholipiwa ushuru. Kwa biashara ya ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kanuni hiyo nguvu zake ni ndogo. Umoja wa forodha ulianza kazi 2005, na leo bodi iliyotengenezwa Tanzania ikiwa na cheti cha asili huingia Kenya bila ushuru huo. Kwa hiyo mimi huchora zote mbili, mstari wa Kenya na mstari wa Tanzania, na nafasi iliyo katikati naipaka rangi hafifu. Msomaji aone ukubwa wa shaka kwa macho yake.

Hatua ya 5: Chora

Mwaka mmoja mmoja kwa nchi zetu unarukaruka mno. Meli mbili zikichelewa, mstari umevunjika. Tumia wastani wa miaka mitatu, halafu chora nchi zote mbili kwenye karatasi moja na kipimo kimoja.

Wengi hupenda fahirisi, yaani kuufanya mwaka wa mwanzo kuwa 100. Ni njia nzuri ya kuona mwendo na mbaya ya kuona ukubwa. Tuseme nchi moja imetoka mita za ujazo 500 hadi 5,000, na nyingine imetoka 40,000 hadi 60,000. Kwa fahirisi ya kwanza imefika 1,000 na ya pili 150 tu. Ukihesabu bodi zenyewe, ya kwanza imeongeza 4,500 na ya pili 20,000. Chora michoro miwili, wa fahirisi na wa ujazo, ama uache fahirisi kabisa kama upande mmoja ulianzia karibu na sifuri.

Kasi ya ukuaji usiihesabu kwa kujumlisha asilimia za kila mwaka. Gawa namba ya mwisho kwa ya mwanzo, tafuta kipeuo cha pili, cha tano au cha kumi kulingana na idadi ya miaka, toa moja. Biashara iliyojizidisha mara mbili kwa miaka 10 imekua kwa asilimia 7.2 kwa mwaka, si 10.

Halafu gawa kwa watu. Sensa za Kenya zilihesabu watu milioni 38.6 mwaka 2009 na milioni 47.6 mwaka 2019. Tanzania walikuwa milioni 44.9 mwaka 2012 na milioni 61.7 mwaka 2022, ukuaji wa zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba matumizi ya bodi Tanzania yakikua kwa asilimia 3, kwa kila kichwa hakuna kilichobadilika. Na matumizi yenyewe ndiyo haya: kilichozalishwa, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka. Jibu likija hasi, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 6: Bandika matukio kwenye mstari

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Chukua kalamu nyekundu, uandike tarehe juu ya mchoro.

Februari 2018, serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma na ya jamii. Viwanda vya bodi vya Eldoret, Elburgon na Nakuru vinaishi kwa magogo, kwa hiyo angalia uzalishaji wa Kenya baada ya hapo, kisha angalia kilichoingia. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuondoa zuio hilo. Kati ya tarehe hizo mbili, upande wa Tanzania kuna Mufindi, mkoani Iringa, na shamba la miti la Sao Hill, ambalo ndilo kubwa kuliko yote nchini humo, na viwanda vya vinia na plaiwudi vilivyoota pale Mafinga. Jiulize: mstari wa Tanzania ulianza kupanda kabla ya Februari 2018 au baada? Ukianza kabla, zuio la Kenya halikuuzaa, liliusukuma tu.

Sheria na takwimu hazitumii kalenda moja. Bajeti za kwetu huanza 1 Julai, na gazeti rasmi la Jumuiya lenye viwango vya ushuru, pamoja na misamaha ambayo kila nchi imejiombea, hutoka karibu na tarehe hiyo. Takwimu za biashara huhesabiwa Januari hadi Desemba. Ushuru uliopanda Julai 2022, mwaka ambao Jumuiya ilianzisha kiwango cha nne cha asilimia 35 na kuziweka samani humo, umegusa nusu tu ya 2022. Athari kamili itafute 2023.

Samani hizo zisikupite. Nchi inaweza kupunguza chipubodi inayoagiza huku ikiongeza makabati yaliyokwisha kutengenezwa, na bodi ni zilezile, ila zimekuja zimekatwa na kutobolewa. Chukua 9403 uichore pembeni. Mwenye karakana Malindi anayetengeneza vitanda vya hoteli ataujali mchoro huo kuliko ule wa bodi, na ana haki.

Matukio ya mbali pia yana nafasi. Indonesia ilipofunga mauzo ya magogo mwaka 1985, ilijenga viwanda na kuwa muuzaji mkubwa wa plaiwudi duniani. Uchina, iliyokuwa mnunuzi mkubwa miaka ya 1990, iligeuka muuzaji mkubwa ndani ya muongo uliofuata. Ukiona Kenya inabadilisha wauzaji wake miaka hiyo, huenda sababu haiko Nairobi wala Mombasa.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo pesa

Thamani iache kwenye dola, usiigeuze shilingi. Shilingi ya Kenya ilikuwa ikizunguka 100 kwa dola kabla ya korona, ikafika karibu 160 Januari 2024, kisha ikarudi karibu 129. Ukichora kwa shilingi, utakuwa umechora hayo.

Dola nayo hupungua nguvu. Kilichonunuliwa kwa dola 100 Marekani mwaka 2000 kilihitaji karibu dola 177 mwaka 2023. Gawa thamani zote kwa fahirisi ya bei ya Marekani ili miaka ifanane. Nauli za makontena zilipaa 2021, na kuanzia mwishoni mwa 2023 mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Bei ya kuingia hubeba nauli, kwa hiyo miaka hiyo bodi za kutoka ng'ambo zitaonekana ghali, na zile zilizovuka Lungalunga kwa lori hazitaonekana hivyo. Tofauti hiyo ni ya kweli, mnunuzi ameilipa, lakini usiiandike kama ubora wa bodi.

Chini ya mchoro andika misimbo uliyotumia, uzito kwa kila bodi, miaka uliyoiacha na sababu, upande wa mpaka uliouchukua, na tarehe uliyopakua faili. Tarehe isisahaulike: FAOSTAT na Comtrade hurekebisha miaka ya nyuma kimyakimya, na mwenzako akipakua mwezi ujao anaweza kupata 2019 tofauti na yako. Kisha mpelekee mwenye duka la bodi auone kabla hujauweka hadharani. Akikuuliza mwaka fulani umepanda kwa nini, ilhali yeye anakumbuka alikuwa hapati mzigo, mwaka huo ndio wa kwanza kuurudia.